Babu Kwisha

Kabla sijaeleza la mfukoni, nianze na la neno.

Mjukuu wangu alichelewa kusema. Tunamwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo hata mkunga akasema huyu ni nukta tu, sentensi yenyewe inakuja nyuma. Watoto wa rika lake walikuwa wanaita mama, wanaita maji, wanaita paka. Yeye ananyoosha kidole na kungoja, kama bosi. Basi siku moja, ana mwaka mmoja na miezi saba, narudi kutoka kibandani kwangu, hata kiatu sijavua, akanijia mbio mikono juu, akasema, "Babu."

Hakusema mama. Alisema babu.

Mimi ni mnoaji. Nanoa visu vya bucha, mikasi ya mafundi cherehani, mapanga, mashoka, chochote chenye makali au kilichowahi kuwa nayo. Siku iliyofuata kila aliyeniletea kisu aliondoka na makali na habari. Fundi cherehani, mwanamke ambaye kibanda chake kinapakana na changu, aliisikia mara nne kabla ya saa sita mchana.

"Makali," akaniambia, ndivyo wanavyoniita pale, "mtoto amesema neno moja. Hajapasi mtihani."

"Wako alisema nini cha kwanza?"

"Alisema hapana. Na mpaka leo hajabadilika."

Binti yangu, mama yake Nukta, ndiye aliyeumia. Anapiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha dobi, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, mikono inanuka mvuke. Mchana jirani hukaa na Nukta kwetu. Mume wake anafanya kazi mbali, tunamsikia Jumapili kwenye simu.

"Tumbo langu," akasema, "maziwa yangu, kuamka kwangu. Halafu neno la kwanza linakwenda kwako."

"Damu inajichagulia, mama."

"Damu hiyohiyo mimi sina?"

Nilicheka, lakini niseme ukweli, nilivimba kichwa. Na ilikuwa haki yangu. Mke wangu alipokuwa hai nilikuwa naitwa kutwa nzima. Njoo ule. Toa hicho kiatu mlangoni. Mbona umenyamaza, umekula nini. Miaka mitatu iliyopita aliugua, nikampeleka hospitali kubwa, tukakalishwa kwenye benchi tukisubiri mhuri. Mwenye mhuri alikuwa kwenye mkutano. Mkutano ulikuwa wa kujadili huduma bora. Mhuri ulipopatikana, mke wangu alikuwa hauhitaji tena. Tangu siku hiyo, kuanzia mtu mwenye mhuri kwenda juu, mimi simwamini hata akiniambia leo ni leo.

Na nyumba ikaacha kuniita. Binti yangu akiniambia kitu alikuwa ananiambia tu, bila kuniita. Huko kibandani, hilo "Makali" ni la jiwe la kunolea, si la kwangu. Kwa hiyo kitoto kile kiliposema "Babu," nilijisikia kama mtu aliyesomewa jina lake kwenye orodha baada ya kukaa sana.

Sasa la mfukoni. Koti langu la kazi lina mfuko mmoja mzima, wa kulia. Kila jioni nilikuwa narudi na pipi humo. Na mimi si mjinga, najua pipi ngumu inaweza kumkaba mtoto. Nilikuwa naiweka kwenye chuma, naivunja kwa nyundo ndogo, nampa chembechembe. Asubuhi chembe, akilia chembe, akinyamaza chembe kwa kuwa amenyamaza. Mama yake alikuwa analalamika.

"Baba, hali chakula."

"Bibi yake pia hakuwa mlaji."

"Marehemu Mama alikuwa anakula sahani mbili."

"Basi amechukua kwa upande wa pili."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka Nukta akafika miaka miwili na miezi miwili, ikawa siku ya mizani. Mama yake alikuwa hajapewa ruhusa, msimamizi wake alisema mashuka hayajui kliniki. Nikambeba mimi.

Zahanati ya mtaani kwetu ni vyumba vitatu na benchi moja refu. Benchi nililitazama, nikalikataa, nikasimama. Akina mama wakaniambia, "Kaa, Mzee," nikasema mimi na mabenchi hatuongei. Mwenye kuita majina alikuwa nesi mmoja kijana, umri wa binti yangu, sauti ya mwalimu wa hesabu. Mezani kwake kulikuwa na mhuri. Nikauona kabla sijamwona yeye.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Akampima Nukta, akatazama kadi, akatazama tena mizani kana kwamba mmoja kati ya hao wawili anadanganya.

"Uzito umesimama. Mwezi wa tatu huu, palepale." Akamfunua mdomo wa juu kwa kidole gumba. "Unaona haya madoa meupe kwenye meno, kama chaki? Hapa ndipo jino linapoanza kuoza. Anakula nini?"

"Anakula kila kitu."

"Anakula nini, Mzee?"

"Chakula chenyewe hakipendi sana."

"Na katikati ya chakula na chakula?"

Nikawa natafuta jibu lenye heshima. Nyuma ya nesi, ukutani, kulikuwa na bango kubwa. Upande mmoja limechorwa papai, ndizi, yai la kuchemsha, kikombe cha maziwa mtindi, glasi ya maji. Upande wa pili soda, biskuti, na pipi moja kubwa ya karatasi nyekundu, masikio mawili huku na huku, yote yamepigwa mstari wa kukatazwa. Nilikuwa nimepewa kiti, Nukta yuko mapajani kwangu. Akatulia ghafla. Akanyoosha kidole.

"Babu," akasema.

"Ndiyo," nesi akamwambia kwa upole, "babu yupo hapa, amekupakata."

Nukta akatikisa kichwa. Akateremka, akavuka chumba, akasimama mbele ya bango, akaweka kiganja chake juu ya ile pipi, akaipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Babu."

Halafu akarudi, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akatoka na chembe iliyonatana na uzi wa koti. Akatuonyesha sote, asije mtu akabaki na shaka.

"Babu."

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima lilivunjika mbavu. Mama mmoja ilibidi ampe mwenzake mtoto amshikie. Nesi alijitahidi, namshuhudia alijitahidi, akainamia kadi na mabega yanamtikisika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu. Miezi saba mizima nimekuwa natangaza mtaani. Kumbe mtoto hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anaita pipi. Mimi nilikuwa kile kinachozunguka pipi, yaani karatasi.

Hasira ikapata njia yake ya siku zote.

"Mnacheka," nikamwambia nesi. "Lakini kila duka mtaani kwetu pipi zimewekwa chini, usawa wa macho ya mtoto. Nani ameruhusu? Kiwanda cha pipi kina taa mpaka kwenye choo, zahanati yenu haina bomba linalotoka maji. Nani amepanga hivyo? Wakubwa. Mnabandika bango, mnaacha kiwanda. Kafungeni kiwanda."

Nesi akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Hilo sikulizoea.

"Umesema kweli yote, Mzee," akasema. "Hizo pipi kuwekwa chini, hata mimi zinaniudhi. Lakini kiwanda hakimo mfukoni mwako. Mfukoni mwako umo wewe."

Nikaufunika mfuko kwa kiganja.

Akanieleza bila haraka. Mtoto ana tumbo la ukubwa wa ngumi yake. Ukilijaza sukari, chakula kinakuta nyumba ina mpangaji. Tunda lililoiva, laini, lililokatwa dogo au jembamba. Yai, mtindi usio na sukari, karoti iliyochemshwa mpaka ilainike, si mbichi, mbichi itamkaba. Ale amekaa, si anakimbia, na mtu mzima yupo. Kiu ni maji. Pipi si chakula cha kila siku, na si zawadi, wala dawa ya kilio.

"Na akikataa tunda?"

"Atakataa. Liweke mbele yake, nyamaza, kesho liweke tena. Mara kumi, Mzee, ndipo useme hapendi. Wengi wetu tunasema hapendi mara ya pili."

Akagonga mhuri, nikaondoka. Njiani Nukta akawa ananiimbia begani, "Babu, babu, babu," na kila mtu tuliyepishana naye alisema, mwone anavyompenda babu yake. Sikumsahihisha mtu.

Jioni nikamweleza binti yangu. Nilitegemea atanikata maini. Alicheka kweli, akashika ukuta. Kisha akaacha.

"Kwa hiyo neno la kwanza la mwanangu ni pipi."

"Ndiyo hivyo."

"Baba, tumepigwa wote wawili."

Siku ya kwanza ya mfuko mtupu nilirudi nyumbani natembea kama mtu anayekwenda polisi. Nukta akaja mbio, mikono juu, "Babu." Mkono ukaingia mfukoni. Ukatafuta kona zote. Akaugeuza mfuko nje, akauangalia, akaniangalia usoni, akatandaza viganja vyake viwili.

"Babu kwisha," akasema.

Binti yangu akatoka jikoni kwenda kucheka uani. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni, nimekwisha.

Siku ya pili nikaweka yai la kuchemsha mfukoni. Nilisahau kwamba kazi yangu ni ya kuegemea meza. Nilifika nyumbani, akaingiza mkono, ukatoka na yai, ganda na unga wa chuma. Alipiga ukelele mmoja mrefu wa mtu aliyeibiwa. "Babu kwisha" ikawa ndiyo salamu yangu. Siku ya tatu hakuja mlangoni kabisa. Aliinua kichwa kutoka kwenye kopo alilokuwa analichezea, akaona ni mimi, akarudi kwenye kopo.

Siku ya nne kazi iliisha mapema na sikwenda nyumbani. Nikakaa kibandani nanoa mkasi uliokwisha kunolewa.

"Huo mkasi utaisha," fundi cherehani akaniambia. "Nenda kwako."

"Niende na nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Maneno hayo waliyatunga wenye vya kugawa." Akakata uzi kwa meno. Mikasi yake yote ilikuwa kwangu. "Mtoto huyo anakusumbua wewe au unajisumbua mwenyewe? Mpe matunda."

"Nimempa ndizi. Ameipaka kwenye ukuta."

"Umeikataje?"

"Ndizi inakatwa? Nimeimenya."

Akanitazama sana. Alikuwa shoga wa marehemu mke wangu, waliketi pamoja miaka mingi, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitazama hivyo.

"Unajua marehemu alikuwa ananiletea tango hapa? Limekatwa kama limetafunwa na panya. Siku moja nikamuuliza, mume wako si mnoaji? Akasema, wangu ananoa vya watu."

Nikaweka mkasi chini.

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na wakisema watu hucheka. Mke wangu alikuwa na kisu kidogo, cha mpini wa mti, alinipa mara nyingi nikinoe. Namwambia nitakinoa kesho. Nitakinoa Jumamosi. Baada ya mazishi nilikikuta kwenye droo ya jikoni, butu kama kijiko, nikaifunga droo. Miaka mitatu nimewalaumu wakubwa kwa mhuri uliochelewa, na walistahili, sifuti hata neno. Lakini kile kisu hakikuwa kwenye meza ya mkubwa yeyote.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Asubuhi binti yangu ameshakwenda kwenye pasi zake, nikafungua droo. Nikatoa jiwe langu dogo laini, lile la nyembe za vinyozi, nikalilowesha, nikakaa uani. Nukta nikamkalisha mbali juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamchorea mstari kwa chaki, nikamwambia huku si kwako. Nikaanza.

Shwii. Kisu kikenda. Shwii. Kikarudi.

Kisu kile kilikuwa na chuma kizuri. Nilimwomba radhi mwenye kisu kimoyomoyo, nikaendelea. Nilipoinua macho, Nukta alikuwa ameinama mbele juu ya ndoo yake, mdomo wazi, macho yanakwenda na kurudi na mkono wangu.

"Swii," akasema.

Nikaacha. Akanionyesha jiwe kwa kidole, kunipa amri niendelee. "Swii."

"Shwii," nikamjibu.

"Shwii."

Kisu kilipokuwa kikali nikakisuuza, nikachukua tango, nikalimenya, kisha nikalikata kwa urefu, jembamba, jembamba mpaka ukiliinua unaona ukuta upande wa pili. Kazi hiyo si ya kila mtu. Utepe ukaning'inia kidoleni kwangu unatetemeka. Halafu papai lililoiva, vipande laini vya ukubwa wa ukucha. Nikaweka kwenye sahani, nikaiweka kwenye kigoda mbele yake, nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kukata.

Alichukua utepe wa tango. Akaulamba. Akautema. Akauokota, akaubandika kwenye goti. Papai akalibonyeza mpaka likamtoka katikati ya vidole, akashangaa, akalamba vidole. Akalamba tena. Akala vipande vitano bila kunitazama, kana kwamba mambo hayo hayanihusu.

Basi ikawa kila siku. Shwii kwanza, kisha sahani. Papai lilikubaliwa siku ileile. Ndizi ikakubaliwa ikikatwa duara nyembamba, na kumbe siku zote ugomvi ulikuwa umbo. Tango liliingia mdomoni likabaki siku ya sita. Karoti laini siku ya tisa, nilikuwa nimeshakata tamaa, nikakumbuka yule nesi kasema kumi. Yeye na yai mpaka leo hawaongei. Chakula cha jioni sasa alikuwa anakimalizia, na siku moja alimwomba mama yake aongeze kwa kujigonga sahani kichwani. Pipi ilihamia kwenye mkebe wa mama yake juu ya kabati, inashuka Jumapili baada ya chakula, laini, moja, na baada yake anapigwa mswaki. Jumapili hizo Nukta akiona mkebe unashuka anapiga makofi, "Babu! Babu!" nami nimekaa palepale. Sikujali sana. Nilijali kidogo.

Kwa sababu mlangoni alikuwa bado hajaniita. Alikuja, ndiyo, tena mbio. Mkono haukuingia tena mfukoni. Alinishika kidole akanivuta uani kwenye jiwe. Lakini jina hakuwa nalo la kunipa. Lile la kwanza alikuwa ameliweka kwenye mkebe.

Siku ya mizani ikafika tena. Safari hii binti yangu alipewa nusu siku, tukaenda watatu. Benchi lilikuwa limejaa isipokuwa nafasi moja. Miguu inauma, umri nao, nikakaa. Benchi halikusema kitu.

Nesi akapima, akaangalia kadi, akaangalia mizani, na safari hii walikuwa wameelewana. Akafunua mdomo. "Madoa hayajaongezeka," akasema. "Mmefanya nini?"

"Baba amenoa kisu," binti yangu akasema.

Nesi akatucheka, halafu uso wake ukajaa utundu. Akamwinamia Nukta. "Haya, niambie. Babu yuko wapi?"

Nukta hakusita. Akageuka ukutani, akaielekezea ile pipi nyekundu ya bango. "Babu," akasema, akaipungia mkono kama jirani anayemwona kwa mbali.

Benchi likaanza tena kucheka. Nikaangalia viatu vyangu.

"Na huyu je?" nesi akauliza, akanigusa bega. "Huyu ni nani?"

Nukta akanitazama. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaufungua kidole kimoja kimoja, akaona hauna kitu, mfuko nao hauna kitu. Asubuhi nilikuwa nimemkatia papai na sikunawa vizuri. Akalamba kiganja, ulimi mzima, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole. Akanitazama tena.

"Shwii," akasema.

"Nani?"

"Shwii." Akasema kwa kukaza, nesi asije akarudia swali. "Shwii yangu."

Binti yangu akaniegemea begani, akanong'ona, "Na mimi bado naitwa 'we'. Usijivune." Lakini alikuwa anafuta macho. Mimi nikakohoa, nikasema ni vumbi la zahanati, hawafagii, nani anasimamia hapa.

"Mzee," nesi akasema, kalamu mkononi, "hapa kwenye kadi pana mstari: mlezi anayemlisha mtoto. Mara ile niliuacha wazi. Niandike nani?"

"Andika kama alivyosema mwenye kadi."

Akaandika. Binti yangu akasoma kwa sauti ili benchi lote lisikie: Shwii, mnoaji. Kisha nesi akavuta ule mhuri, akaupulizia, akaugonga juu yake. Ndio mhuri pekee maishani mwangu ambao sikuusubiri.